Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Vitalu Nyumba kwa Picha za Setilaiti

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Mtu amepata picha za setilaiti, amefuata maelekezo, ramani imetoka, lakini haifanani na kilichoko shambani. Tumechagua nane na kuzifupisha. Tunaposema kitalu nyumba tunamaanisha banda lenye fremu ambalo mtu anaingia akiwa wima. Matandazo ni plastiki iliyolazwa juu ya tuta, na neti ni ile ya kivuli. Amua mapema unahesabu kipi kati ya hivyo vitatu, maana ukivichanganya wakati wa kukusanya sampuli, kompyuta haitakutenganishia baadaye.

SWALI: Nataka kuchora ramani ya vitalu nyumba vya eneo zima. Vingi vina mita 8 kwa 30. Je, picha za bure za Sentinel-2 zinatosha, au ni lazima ninunue? (Mwanafunzi wa upimaji ardhi)

JIBU: Anza na hesabu ya pikseli. Sentinel-2 ni setilaiti za Ulaya, na bendi zake (vipande vya mwanga, kila kimoja kikipigwa picha peke yake) zenye pikseli ndogo kuliko zote ni nne: bluu (B2), kijani (B3), nyekundu (B4) na infraredi ya karibu (B8). Pikseli moja ni mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Kitalu chako kina mita za mraba 240, na kwenye karatasi hiyo ni kama pikseli mbili na nusu. Tatizo ni kwamba upana wa mita 8 hauwezi kuijaza pikseli ya mita 10 hata kitalu kikikaa vizuri namna gani. Kila pikseli itakayokigusa itabeba plastiki, njia ya pembeni na shamba la jirani kwa pamoja.

Kitalu kilichokaa sambamba na gridi ya picha kinahitaji upana wa mita 20 ndipo uwe na hakika ya kupata walau pikseli moja iliyo plastiki tupu. Kitalu cha mraba kilichokaa mshazari kwa nyuzi 45 kinahitaji kama mita 28. Infraredi ya mawimbi mafupi (B11 na B12) ina pikseli za mita 20, kwa hiyo zidisha vipimo hivyo mara mbili. Programu itakuruhusu kuzikata bendi hizo ziwe za mita 10, lakini kukata pikseli hakuongezi taarifa iliyokuwa haimo.

Sasa angalia vitalu vyako vimekaaje. Vikiwa vimebanana ukuta kwa ukuta, kama ilivyo Almería nchini Hispania ambako plastiki imefunika zaidi ya hekta 30,000, Sentinel-2 inatosha kabisa kupima eneo la kundi zima. Vikiwa kimoja hapa, kingine mita 300 mbele, hutavipata kwa uhakika. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2024, uliokadiria takriban hekta milioni 1.3 za vitalu nyumba kwa mwaka 2019 na karibu 60% zikiwa China, ulitegemea picha za setilaiti za kibiashara za PlanetScope zenye pikseli za mita 3 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya vitalu duniani ni vidogo. Njia ya kuokoa fedha ni kutumia Sentinel-2 kutafuta maeneo yenye dalili ya plastiki, kisha kununua picha za pikseli ndogo kwa maeneo hayo tu, pamoja na vipande vichache vya maeneo yasiyo na dalili ili ujue umekosa nini.

SWALI: Natumia kielezo cha PGI (namba ya kutambua vitalu vya plastiki). Kwa picha za 2021 kilifanya kazi vizuri. Kwa picha za 2023, kwa mpangilio uleule, kila shamba la kijani kibichi linageuka kitalu nyumba. Nimekosea wapi? (Mchambuzi wa takwimu za kilimo)

JIBU: Hukukosea fomula. Namba ulizoiwekea ndizo zilizobadilika.

PGI huchukua bluu, ikaizidisha kwa tofauti ya infraredi ya karibu na nyekundu, ikazidisha kwa 100, kisha ikagawanya kwa 1 kutoa wastani wa bluu, kijani na infraredi ya karibu. Wazo lake ni zuri: plastiki huangaza hata kwenye bluu, jambo ambalo mmea haufanyi, na wakati huohuo mimea iliyo ndani hupandisha infraredi ya karibu juu ya nyekundu, jambo ambalo bati na saruji havifanyi.

Uakisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi) katika fomula hiyo lazima uwe kati ya 0 na 1. Picha za Sentinel-2 huhifadhiwa kama namba nzima, na uakisi huzidishwa kwa 10,000. Tangu tarehe 25 Januari 2022, uchakataji wa toleo 04.00 ulianza kuongeza 1,000 kwenye kila namba. Kwa picha za kabla ya hapo unagawanya kwa 10,000 tu. Kwa zile za baada ya hapo unatoa 1,000 kwanza, kisha unagawanya.

Tazama linalotokea ukisahau. Chukua mfano wa pikseli ya kitalu yenye bluu 0.22, kijani 0.25, nyekundu 0.26 na infraredi ya karibu 0.40. PGI yake ni 4.3. Weka pembeni yake mahindi yaliyostawi: bluu 0.03, kijani 0.06, nyekundu 0.04, infraredi ya karibu 0.45. PGI ni 1.5. Ukiweka mpaka kwenye 3, kila kimoja kinakaa upande wake. Sasa ongeza 0.10 kwenye bendi zote, kama inavyokuwa usipotoa ile 1,000. Kitalu kinapanda hadi 7.3, na mahindi yanaruka hadi 7.4. Ile 0.10 ni ndogo ukilinganisha na bluu ya plastiki, lakini imeikuza bluu ya mmea zaidi ya mara nne, na kielezo chote kimesimama juu ya bluu.

Google Earth Engine, huduma ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, ina mkusanyiko wa Sentinel-2 uliokwisha kusawazishwa, ambao jina lake linaishia na HARMONIZED. Tumia huo kwa kazi inayovuka 2022. Ukipakua mafaili mwenyewe, soma thamani ya BOA_ADD_OFFSET kwenye faili la maelezo la kila picha badala ya kutegemea tarehe, kwa sababu picha nyingi za zamani zimechakatwa upya na kupewa mfumo mpya.

Kuna kosa la pili ambalo lina dalili yake: PGI ikitoka namba hasi za maelfu, hukugawanya kwa 10,000 hata kidogo. Kile kigawanyo cha 1 kutoa wastani kimegeuka hasi. Na usibebe mpaka wa mtu mwingine kutoka mahali pengine. Kata mpaka wako kwa kuchora mgawanyo wa thamani za sampuli zako, plastiki upande mmoja na kila kinachofanana nayo upande wa pili, kisha uangalie zinapokutana.

SWALI: Vitalu vinavyong'aa zaidi, vile vya plastiki mpya, havionekani kabisa kwenye ramani yangu. Mahali vilipo pana matundu meupe yasiyo na data. Picha yenyewe nikiifungua, vitalu vipo. (Mtaalamu wa umwagiliaji)

JIBU: Kichujio cha mawingu kimevila. Picha za Sentinel-2 za daraja la 2A (zilizokwisha kuondolewa athari ya hewa) huja na bendi iitwayo SCL inayopanga kila pikseli kwenye kundi: 3 ni kivuli cha wingu, 8 na 9 ni mawingu, 10 ni mawingu membamba ya juu, 11 ni theluji. Wingu hutambuliwa kwanza kwa weupe na mwangaza, na plastiki mpya ni nyeupe na inang'aa. Ukifuta kila kilichoandikwa 8 na 9, umefuta hasa ulichokuwa unakitafuta. Inaumiza kwa sababu makosa haya hayatawanyiki ovyo ovyo. Yanaangukia vitalu vipya, na anayetaka kujua ni vingapi vimejengwa mwaka huu ndiye anayepoteza zaidi.

Ithibitishe hivi. Kusanya picha zote za mwaka mzima. Kwa kila pikseli hesabu ni mara ngapi imeitwa wingu, ugawanye kwa idadi ya picha. Mashamba ya kawaida ya eneo moja yatakuwa na uwiano unaokaribiana, tuseme 0.3. Ukiona mstatili wenye uwiano wa 0.8 katikati ya mashamba ya 0.3, hilo si wingu. Mawingu hayarudi mahali palepale siku zote, wala hayana pembe za nyuzi 90.

Kurekebisha, kwanza tenga pikseli zenye uwiano mkubwa kupita jirani zake na uziandike kama "zinazong'aa daima". Kwenye pikseli hizo usiitumie SCL peke yake. Waulize majirani: chora mzingo wa mita 150 kuzunguka kila kundi, na kama sehemu kubwa ya mzingo huo ni safi siku hiyo, ichukulie pikseli ya ndani kuwa safi pia. Wingu halisi huzidi ukubwa wa kitalu na huacha kivuli upande wa pili wa jua, kwa hiyo kukosekana kwa kundi la 3 karibu ni ushahidi mwingine.

Kuna na njia inayotumia umbile la kifaa chenyewe. Bendi za Sentinel-2 hazitazami mahali pamoja kwa wakati uleule. Kuna tofauti ndogo ya muda na pembe kati yao. Kitu kilicho ardhini hulingana katika bendi zote, bali wingu lililo juu angani husogea kidogo, na ndiyo maana kingo za mawingu huonyesha michirizi ya rangi kama upinde wa mvua. Plastiki haina michirizi hiyo. Ukiwa na shaka na picha moja, kuza ukingo wa lile doa jeupe hadi uone pikseli mojamoja, na jibu utaliona kwa macho.

Bendi ya 10 inaweza kusaidia dhidi ya mawingu ya juu, kwa kuwa mvuke wa maji angani huifyonza kabla haijafika ardhini. Bendi hiyo haimo kwenye daraja la 2A, inabidi uifuate kwenye 1C, daraja la kabla ya kuondolewa athari ya hewa. Wala haitakuonya kuhusu mawingu ya chini. Anayefanya kazi kwenye Earth Engine anaweza pia kujaribu Cloud Score+, ambayo hutoa alama kutoka 0 hadi 1, kubwa ikiwa na maana ya anga safi, na mpaka wa 0.50 hadi 0.65 hufaa sehemu nyingi. Hata hiyo ipitishe kwenye kipimo kile cha uwiano kabla hujaiamini juu ya plastiki.

SWALI: Kompyuta inachanganya vitalu na mapaa meupe ya maghala, na pengine na mchanga. Niongeze sampuli? (Mchora ramani)

JIBU: Ongeza muda kabla ya sampuli. Katika picha ya siku moja, paa jeupe na plastiki nyeupe vinaweza kuwa na rangi ileile kabisa, na hapo sampuli elfu moja hazitakusaidia. Vinachotofautiana ni mwenendo wa mwaka. Paa la ghala lililopimwa Januari ndilo paa lilelile Agosti. Kitalu hubadilika: mimea hukua chini yake na kuvunwa, plastiki huchafuka kwa vumbi, hufunguliwa, hubadilishwa, na penye jua kali hupakwa chokaa. Almería wakulima hupaka mapaa ya plastiki chokaa nyeupe majira ya kiangazi ili kupunguza joto ndani, na weupe huo huondolewa au kuoshwa msimu wa kupanda ukianza. Ukitumia picha za Julai pekee, unapima chokaa. Za Desemba zinapima plastiki na nyanya zilizo chini yake.

Kwa hiyo, kwa kila pikseli tengeneza vipimo vya mwaka mzima: asilimia ya 10, ya 50 na ya 90 (yaani thamani ambazo 10%, 50% au 90% ya vipimo vya mwaka viko chini yake) ya kila bendi na ya NDVI, kielezo cha ukijani wa mimea, pamoja na mchepuko wa NDVI, yaani kiasi inavyotawanyika. Paa la bati litakuwa na NDVI ya chini inayokaa palepale. Mchanga vivyo hivyo, tena bluu yake iko chini kuliko nyekundu kwa kiasi kikubwa. Shamba la wazi litapanda na kushuka sana. Kitalu kitakaa katikati: NDVI inapanda na kushuka kwa msimu, ila imebanwa, kwa sababu plastiki huongeza mwanga wake juu ya ule wa mmea. Vipimo hivi ndivyo vya kuingizwa kwenye mbinu ya msitu nasibu, ile ya miti mingi ya uamuzi inayopiga kura. Miti 500 inatosha. Ukifika 2,000 unaongeza muda wa kusubiri zaidi kuliko usahihi.

Ndipo sampuli zije. Usikusanye "kitalu" na "si kitalu" tu. Chukua kwa makusudi vile vinavyodanganya: mapaa meupe, mapaa ya bluu, mabwawa yaliyotandikwa plastiki, machimbo ya chokaa, mashamba ya chumvi, paneli za jua, mito mikavu. Kundi la "vinginevyo" likijaa misitu na mahindi, kompyuta itafaulu mtihani rahisi na kushindwa ule unaokuhusu.

SWALI: Matandazo ya plastiki nayo yanaonekana? Ramani yangu ya Agosti haina hata shamba moja, ingawa najua yapo mengi. (Afisa ugani)

JIBU: Yanaonekana kwa wiki chache tu. Dirisha hufunguka plastiki inapolazwa na kufungwa majani yanapokutana juu ya matuta. Kwa mazao mengi ni mwezi mmoja hadi miwili. Mkoani Xinjiang, China, pamba hupandwa chini ya filamu mwezi Aprili, na katikati ya kiangazi setilaiti haioni ila majani. Ukitafuta Agosti unatafuta kitu kilichokwisha kufunikwa. Wastani wa mwaka mzima ni mbaya zaidi, maana wiki hizo nne zinazama ndani ya nyingine 48.

Sentinel-2 mbili hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5 kwenye ikweta. Dirisha la siku 40 linakupa picha nane, na ukitoa za mawingu huenda zikabaki tatu. Kwa hiyo ijue kalenda ya upandaji kabla ya kufungua kompyuta. Kielezo kinachofaa ni PMLI, kielezo cha matandazo ya plastiki: infraredi ya mawimbi mafupi (B11) kutoa nyekundu, ugawanye kwa jumla yake. Filamu inayopitisha mwanga hupandisha nyekundu, na matone ya maji yanayojikusanya chini yake hufyonza mawimbi mafupi, hivyo thamani hushuka chini ya ile ya udongo mkavu wa shamba hilohilo. Linganisha shamba na lenyewe, kabla na baada ya kulazwa plastiki. Mvua ikinyesha kabla ya picha ya kwanza udongo hubadilika, basi ruka siku hizo. Plastiki nyeusi haifuati kanuni hii. Hufanana na udongo uliolowa, na inahitaji sampuli zake peke yake.

SWALI: Ramani yangu ina usahihi wa 98.7%. Mkuu wangu wa kazi amezunguka shambani na kusema zaidi ya theluthi ya vitalu haimo. Nani yuko sahihi? (Mtaalamu wa mifumo ya taarifa za kijiografia)

JIBU: Inawezekana nyote wawili. Hebu tuifanye hesabu.

Chukua eneo la hekta 100,000. Ramani inasema vitalu ni hekta 2,000 na vinginevyo ni 98,000. Unatupa nukta 100 za nasibu ndani ya "vitalu", na ukizikagua kwa picha kali 85 ni vitalu kweli. Unatupa nukta 400 kwenye "vinginevyo", na 396 ni sahihi. Nne zimeangukia vitalu ambavyo ramani haikuviona.

Nne kati ya 400 ni 1%, na macho hupita haraka. Lakini kila nukta ya upande huo inawakilisha hekta 245. Nne zina maana ya hekta 980 za vitalu vilivyokosekana. Upande wa pili, hekta 2,000 zinabaki 1,700 baada ya kutoa makosa. Jumla ya kweli inakadiriwa kuwa hekta 2,680, si 2,000. Ramani imepata 1,700 kati ya hizo, yaani 63%. Na usahihi wa jumla? Hekta 1,700 na 97,020 zilizowekwa mahali pake ni 98.7%. Namba kubwa inatoka kwenye msitu na malisho ambayo hakuna aliyekuwa na shaka nayo. Katika ripoti ya vitalu nyumba, usahihi wa jumla usitajwe peke yake kamwe.

Tena, ile 2,680 ina kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na hakika) la hekta 490 hivi, kwa hiyo kwa uhakika wa 95% kweli iko kati ya 1,710 na 3,650. Upana huo karibu wote unatokana na zile nukta nne. Kuupunguza, gawanya "vinginevyo" katika matabaka. Vitalu vinavyokosekana kwa kawaida huwa jirani na vilivyoonekana, basi chora ukanda wa mita 200 kuzunguka kila kitalu cha ramani. Ukanda huo ukiwa na hekta 6,000 nawe ukaweka humo nukta 150, kila nukta inawakilisha hekta 40 badala ya 245, na kosa moja halitikisi tena hesabu yote.

Tabaka la mbali lina mtego wake. Ukitupa nukta 300 na zote zikawa safi, fomula itakuambia kosa ni sifuri, na hiyo si kweli. Kanuni ya haraka ni 3 kugawanya kwa idadi ya nukta: kwa 300 bado inawezekana 1% ya tabaka ni vitalu. Kwenye hekta 92,000 hiyo ni 920. Toa kwanza maeneo ambako kitalu hakiwezi kujengwa, kama ziwa, miteremko mikali na misitu iliyofungamana, ili tabaka hilo lipungue, kisha ongeza nukta kwenye kinachobaki.

Mwisho, kagua ulivyogawa sampuli za kufundishia na za kupima. Pikseli mbili za kitalu kimoja ni ndugu. Moja ikiingia kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, kompyuta imepewa majibu. Gawa kwa miraba ya kilomita 5, mraba mzima uende upande mmoja. Usahihi utashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo ya kuandika.

SWALI: Nilipima eneo la vitalu vilevile vya kusini mwa Hispania kwa njia mbili kwenye QGIS (programu ya ramani), majibu yakatofautiana kwa zaidi ya nusu. (Mwalimu wa chuo)

JIBU: Moja ulipima kwenye makadirio (njia ya kuibapisha dunia iwe ramani) ya ramani za mtandaoni, yenye namba EPSG:3857, ambayo hunyoosha ardhi kadiri unavyoondoka ikweta. Kwenye latitudo ya Almería eneo huvimba kwa 56% hivi, na kwenye latitudo ya 52, waliko wakulima wa vitalu vya vioo vya Westland nchini Uholanzi, hufika mara 2.6. Tumia UTM, makadirio yanayoigawa dunia katika kanda, ya ukanda husika, au EPSG:6933 inayotunza eneo. Kwenye kikokotoo cha QGIS, $area hufuata duaradufu (umbo la dunia) ya mradi, ilhali area($geometry) hupima bapa kwenye makadirio ya tabaka lenyewe. Hapo ndipo majibu yako yalipoachana.

SWALI: Je, naweza kurudi nyuma hadi miaka ya 1980 nione vitalu vilivyoenea mwaka hadi mwaka? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Ndiyo, kwa Landsat, setilaiti za Marekani. Landsat 5 ilirushwa Machi 1984 na pikseli zake ni mita 30, ukubwa ambao Landsat 8 na 9 bado wanautumia, kwa hiyo mfululizo unaunganika. Kwa vitalu vilivyobanana inafaa sana. Kwa kimoja kimoja, rudi kwenye jibu la kwanza: unahitaji upana wa mita 60.

Picha za uakisi za Landsat za Mkusanyiko wa 2 zina kanuni yao: zidisha namba kwa 0.0000275, kisha toa 0.2. Usipofanya hivyo utaangukia kosa lilelile la PGI. Landsat 7 iliharibika kirekebisha mistari mwishoni mwa Mei 2003, na tangu hapo kila picha inakosa kama 22% kwa michirizi mieusi. Usijaze michirizi hiyo kwa kukisia, maana kitalu cha pikseli tatu kinaweza kuzaliwa au kufa ndani ya mchirizi mmoja. Jaza kwa picha nyingine za msimu huohuo.

Kisha ondoa vipepeo, yaani pikseli inayosema kitalu mwaka huu, shamba mwaka ujao, kitalu tena mwaka unaofuata. Plastiki hudumu miaka michache na hubadilishwa, lakini fremu haing'olewi kwa ajili ya mwaka mmoja. Kanuni rahisi inayofaa ni kukubali kitalu kipya kikionekana miaka miwili mfululizo, na kukubali kimeondoka kikikosekana miaka miwili mfululizo. Kwa mwaka wa mwisho wa mfululizo huna wa pili wa kuthibitisha, kwa hiyo uandike kuwa wa muda na uupitie tena picha za mwaka unaofuata zikitoka.